Magari Hayo Yatasimama Wapi? Jinsi Athari za Jengo Jipya kwa Barabara za Kampala Zinavyopimwa

Ilikuwa Ijumaa saa kumi na moja na nusu jioni, nami nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara nikitazama geti la jengo moja la maduka upande wa mashariki wa Kampala. Askari alimsimamisha dereva, akapitisha kioo chenye mpini mrefu chini ya gari, akafungua buti, akachungulia viti vya nyuma. Kisha mwenzake akatoa tiketi na kizuizi kikainuliwa. Nilipima kwa saa ya mkononi, gari baada ya gari, na kazi hiyo ilichukua kama sekunde 20 kwa kila moja, wakati mwingine zaidi pale dereva alipotaka kuuliza njia. Kati ya kizuizi na ukingo wa barabara palitosha magari mawili. Gari la tatu lilibaki nusu ndani nusu nje, na yaliyofuata yalipanga mstari katika njia ya kushoto ya barabara kuu. Nyuma yake zilikwama taksi, yaani mabasi madogo ya abiria kama tunavyoyaita hapa, zenye abiria kumi na wanne kila moja, watu ambao hawakuwa na haja yoyote na jengo lile.

Ukaguzi wenyewe haukuwa kosa. Tangu mabomu ya tarehe 11 Julai 2010, yaliyoua watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia hapa jijini, kukaguliwa getini kumekuwa sehemu ya maisha yetu, na hakuna anayepaswa kumlaumu askari anayefanya kazi yake kwa makini. Kosa lilifanyika miaka kadhaa kabla, mezani, pale mchoro wa jengo ulipopitishwa bila mtu kuuliza magari yanayosubiri kukaguliwa yatasimama wapi. Swali hilo dogo ndilo kiini cha kazi inayoitwa tathmini ya athari za trafiki, nami nitalishika hadi mwisho wa makala haya, kwa sababu naamini kwamba tathmini nyingi hutumia kurasa zake karibu zote kujibu swali jingine lililo jepesi zaidi, yaani jengo litaleta magari mangapi.

Kwa maneno ya kawaida, tathmini ya athari za trafiki ni ripoti inayoandaliwa kabla ya ujenzi, inayolinganisha hali tatu: barabara ilivyo leo, barabara itakavyokuwa siku zijazo jengo lisipojengwa, na barabara itakavyokuwa jengo likijengwa. Tofauti kati ya hali ya pili na ya tatu ndiyo athari ya mradi. Nchini Uganda ripoti ya namna hii huingia katika mlolongo wa vibali ambao wenye miradi wanaujua vizuri. Sheria ya upangaji wa matumizi ya ardhi ya mwaka 2010, iliyorekebishwa mwaka 2020, imeitangaza nchi nzima kuwa eneo la kupangwa, kwa hiyo hakuna ujenzi unaoruhusiwa kuanza bila idhini ya kamati ya upangaji. Sheria ya udhibiti wa majengo ya mwaka 2013 inahusu kibali cha kujenga na, baada ya ujenzi kukamilika, kibali cha kulitumia jengo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2019 inadai tathmini ya athari za mazingira na jamii kwa miradi mikubwa, na msongamano wa magari mara nyingi huwa sura mojawapo ya tathmini hiyo. Ndani ya Kampala mwenye neno juu ya ardhi na barabara nyingi ni KCCA, mamlaka ya jiji, lakini barabara kuu za taifa zilikuwa chini ya UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, hadi mwisho wa mwaka 2024, mamlaka hiyo ilipovunjwa na kazi zake kurudishwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Jengo ambalo geti lake linatazama barabara ya taifa na mgongo wake unatazama mtaa wa jiji lina wakubwa wawili, na ripoti isiyosomwa na wote wawili huacha mwanya.

Kazi huanza kwa kuhesabu. Vijana hukaa kwenye viti vya plastiki penye makutano, mwavuli juu na karatasi mapajani, wakichora vijistari vitano vitano kwa kila aina ya chombo: gari dogo, taksi, boda boda, basi, lori, baiskeli, na mtembea kwa miguu pale ripoti inapomkumbuka. Kisha hesabu hizo hugeuzwa kuwa kipimo kimoja, yaani kila chombo hulinganishwa na gari dogo. Boda boda huhesabiwa kama sehemu tu ya gari, na lori huhesabiwa kama magari mawili au zaidi. Hapo tayari pana tatizo ambalo kitabu cha wahandisi hakilimalizi. Taksi inayotembea ni karibu sawa na gari dogo, lakini taksi inayosimama ghafla njiani kupakia abiria mmoja huifunga njia nzima, na hakuna kijistari cha kulionyesha hilo. Mhesabuji mwangalifu huandika pembeni ni mara ngapi taksi zimesimama, wapi, na kwa sekunde ngapi.

Siku ya kuhesabu ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Hesabu iliyofanywa wakati wa likizo ya shule huonyesha Kampala ambayo haipo katika wiki za muhula, kwa maana magari yanayowapeleka watoto shuleni alfajiri yamebaki nyumbani. Hesabu ya Jumanne asubuhi haiwezi kusema chochote kuhusu jengo la maduka ambalo wateja wake hufurika Ijumaa jioni na Jumamosi. Hata mvua ina athari yake: boda boda hujificha kwenye vituo vya mafuta na chini ya madaraja, abiria wao hukimbilia taksi, na makutano yaliyokuwa yakipumua hufungwa kabisa. Ninapopewa ripoti, jambo la kwanza ninalotafuta ni tarehe iliyoandikwa juu ya karatasi za hesabu, na ripoti ambayo haikuambatisha karatasi hizo naiweka kando.

Baada ya hapo mtaalamu hukadiria safari zitakazozaliwa na jengo lenyewe. Njia iliyozoeleka duniani ni kutumia viwango vya kitabu cha taasisi ya wahandisi wa usafiri ya Marekani, ITE, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1976, ambacho hueleza ni safari ngapi za magari hutarajiwa kwa kila kiasi fulani cha eneo la duka, kila apatimenti au kila chumba cha hoteli. Kitabu hicho ni kazi kubwa na ya kuheshimika, lakini sehemu kubwa ya takwimu zake ilikusanywa kwenye majengo ya pembezoni mwa miji ya Marekani, ambako karibu kila mteja huja na gari lake na maegesho ni ya bure. Kuzibeba namba hizo kama zilivyo na kuzitua Ntinda au Bugolobi ni kuazima nguo ya mtu mwenye umbo tofauti kabisa.

Namba za kuazima hukosea kwa pande zote mbili, na mfano mzuri zaidi wa hilo ni arkedi zetu za katikati ya jiji. Chukua jengo la ghorofa sita lenye vibanda mia kadhaa karibu na Kikuubo au Old Taxi Park. Ukipima athari yake kwa kuhesabu nafasi za maegesho utasema haina madhara, kwani maegesho yenyewe ni machache na wanunuzi karibu wote hufika kwa miguu, kwa taksi au kwa boda boda. Ukitumia viwango vya Marekani vya eneo la duka utapata mafuriko ya magari madogo ambayo hayatakuja kamwe. Ukweli hauko katika hesabu yoyote kati ya hizo mbili. Jengo hilo linaleta malori ya shehena yanayoshushiwa barabarani kwa sababu hakuna uga wa kupakulia, wapagazi wanaovuka barabara na marobota begani, boda boda zinazosubiri katika safu mbili mlangoni, na maelfu ya watu wanaotembea juu ya lami kwa kuwa njia ya miguu imejaa bidhaa. Barabara inapungua uwezo bila gari hata moja la mteja kuongezeka. Tathmini ya kweli ya jengo la aina hii inapaswa kuhesabu watu, mizigo na muda wa kupakua, na njia bora ya kuzipata namba hizo ni kwenda kwenye arkedi inayofanana nayo, mtaa wa pili, na kuhesabu wiki nzima.

Kuna suala la wapitaji ambalo huwachanganya hata wasomaji makini. Si kila gari linaloingia dukani ni safari mpya. Mengine yalikuwa yakipita barabara hiyo hiyo kuelekea nyumbani, na dereva akaamua kuingia kununua mkate. Tuseme jengo linatarajiwa kuvuta magari 400 kwa saa, na asilimia 40 kati yake ni wapitaji. Ripoti itaondoa magari 160 na kusema kwamba mradi unaongeza 240 tu. Kwa makutano yaliyo kilomita mbili mbele, hesabu hiyo ni sahihi. Kwenye geti si sahihi hata kidogo, kwa sababu magari yote 400 yatapunguza mwendo, yatakata kona, yatakaguliwa, na baadaye yatatoka tena kujipenyeza barabarani. Punguzo linalostahili mahali pamoja huwa uongo mahali pengine, nami nimewahi kuona ripoti ambayo ililitumia kila mahali.

Namba nyingine yenye nguvu kubwa, ingawa huchukua mstari mmoja tu wa ripoti, ni kasi ya ongezeko la magari mwaka hadi mwaka. Barabara yenye magari 1,000 kwa saa leo itakuwa na takriban 1,220 baada ya miaka kumi ukichukua ongezeko la asilimia 2, na takriban 1,630 ukichukua asilimia 5. Ikiwa barabara hiyo inaweza kupitisha magari 1,500, namba ya kwanza inasema nafasi ipo na namba ya pili inasema barabara itashindwa. Mtu angedhani kwamba mwenye mradi atapenda ile ndogo daima, lakini sivyo. Wakati mwingine kubwa ndiyo humfaa, kwa sababu ikionekana kwamba barabara itashindwa hata jengo lisipojengwa, inakuwa rahisi kudai kwamba jengo halina hatia.

Baada ya kujua idadi ya safari, mtaalamu huzigawa katika barabara zilizopo. Hapa umbo la Kampala linaamua mambo mengi. Jiji limekaa juu ya vilima na mabonde ya chepechepe yako katikati, kwa hiyo barabara zinazounganisha kilima na kilima ni chache, na wote wanaoteremka hukutana sehemu zile zile. Anayeshuka Naguru na anayeshuka Kololo hukutana Lugogo, akitaka asitake. Katika jiji lenye mitaa iliyochorwa kama ubao wa drafti, dereva aliyekuta foleni hukata kushoto na kutafuta mtaa mwingine. Kwetu mtaa huo mwingine mara nyingi huishia kwenye matete. Ndiyo maana ripoti inayochunguza geti na makutano mawili ya jirani tu, kwa kufuata mduara uliochorwa kwenye ramani, inaweza kukosa mahali ambapo maumivu yatatokea, yaani kule bondeni.

Sasa turudi getini, kwa kuwa hapo ndipo hesabu ya foleni inapoonyesha jambo ambalo akili ya kawaida hailikubali kwa urahisi. Askari anayetumia sekunde 20 kwa gari anaweza kukagua magari 180 kwa saa. Watu wengi watasema kwamba ikiwa magari yanayokuja ni chini ya 180, foleni haitakuwapo. Lakini magari hayaji kwa mpangilio wa saa ya ukutani. Huja matatu kwa pamoja, kisha kimya, kisha matano, na ukaguzi nao hutofautiana. Kanuni rahisi ya foleni, inayozingatia unasibu huo, hutoa majibu haya: yakija magari 120 kwa saa, kwa wastani yatakuwapo magari 2 getini, pamoja na lile linalokaguliwa, yakija 150, yatakuwa 5, yakija 170, yatakuwa 17. Ongezeko la mwisho ni la magari 20 tu kwa saa nzima, jambo ambalo hakuna mpita njia angeliona, lakini foleni imerefuka zaidi ya mara tatu. Ukiweka mita 7 kwa kila gari, magari 17 ni karibu mita 120 za barabara. Na huo ni wastani, maana yake kuna nyakati ambapo mstari ni mrefu zaidi ya hapo, huku geti kwenye karatasi likionekana bado lina nafasi.

Hali kama hiyo hutokea kwenye makutano. Barabara iliyofikia asilimia 70 ya uwezo wake huvumilia jengo jipya bila shida, ilhali iliyofikia asilimia 95 huvunjwa na jengo dogo. Kwa hiyo kuuliza jengo hili ni kubwa kiasi gani bila kuuliza barabara imejaa kiasi gani ni kuuliza nusu ya swali.

Matokeo ya hesabu hizi huandikwa kwa herufi, kuanzia A hadi F, kwa kufuata mwongozo wa Marekani wa uwezo wa barabara ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1950. Kwenye makutano yenye taa, A ni pale dereva anapocheleweshwa si zaidi ya sekunde 10 kwa wastani, na F ni pale anapocheleweshwa zaidi ya sekunde 80. Herufi hizi zina ubaya uliojificha. Zinampima dereva, hazimpimi abiria. Taksi yenye watu kumi na wanne na gari lenye mtu mmoja huhesabiwa karibu sawa, na mama anayesubiri kuvuka barabara na mtoto mgongoni haonekani kabisa. Zaidi ya hayo, huwapa alama nzuri majengo yanayokwenda mbali, ambako barabara bado ni tupu, na kuyaadhibu yale yanayojengwa karibu na kazi, masoko na vituo vya taksi. Jimbo la California lililiona tatizo hilo, likapitisha sheria mwaka 2013, na kuanzia Julai 2020 tathmini za mazingira za huko hazipimi tena athari ya mradi kwa ucheleweshaji wa madereva, bali kwa jumla ya umbali ambao magari yatasafiri kwa sababu ya mradi. Kwa Uganda, ambako Wakiso sasa ina watu zaidi ya milioni 3 na kila asubuhi sehemu yao huteremka kuingia Kampala, badiliko hilo linastahili kufikiriwa. Apatimenti mia moja zilizojengwa Bukoto na apatimenti mia moja zilizojengwa mwisho wa barabara ya vumbi huko Kira haziwezi kuwa na athari moja, hata kama herufi ya makutano ya jirani inaipendelea ile ya Kira.

Kilicho kigumu zaidi, kwa maoni yangu, ni mradi mdogo mdogo unaojirudia. Desturi iliyoenea ni kudai tathmini kamili pale tu mradi unapotarajiwa kuongeza safari 100 au zaidi katika saa ya msongamano. Tuseme miradi mitano imejengwa barabara moja ndani ya miaka mitatu, kila mmoja ukiongeza safari 90. Hakuna hata mmoja uliovuka kizingiti, na barabara imepokea safari 450 ambazo hakuna ripoti iliyozitaja. Barabara ya mzunguko ya kaskazini, Northern Bypass, yenye kilomita 21 kutoka Busega hadi Bweyogerere, ilifunguliwa mwaka 2009 ili kuwapitisha wasafiri wa mbali nje ya jiji. Kila anayeitumia ameona jinsi nyumba, maduka na maghala yalivyoota kandokando yake, na jinsi wakazi wa Naalya na Kyanja wanavyogombania nafasi na malori ya masafa marefu. Dawa ya jambo hili haiwezi kutolewa na mwenye kiwanja mmoja. Inahitaji mamlaka yenyewe ifanye tathmini ya barabara nzima, iweke daftari la miradi yote iliyokwisha kuidhinishwa hata kama haijajengwa, na kugawa gharama za marekebisho kwa wote wanaofaidika.

Kuhusu marekebisho hayo, mengi hayahitaji madaraja ya juu. Kizuizi kikisogezwa mita 60 ndani ya kiwanja, magari manane hupata pa kusubiri bila kugusa barabara. Njia mbili za ukaguzi badala ya moja huongeza uwezo wa geti maradufu, na ukirudi kwenye hesabu ya hapo juu utaona kwamba yale magari 17 hupungua hadi kubaki mawili au moja. Kwa kuwa Uganda tunaendesha upande wa kushoto, gari linalotoka na kukata kulia hulazimika kuvuka mkondo mzima wa magari, kwa hiyo mara nyingi ni bora kuruhusu kuingia na kutoka kwa kushoto pekee, mradi mzunguko wa kugeuzia uwe karibu na ripoti iwe imeupima nao pia. Taksi zitengewe ghuba ya kusimama, boda boda zitengewe kituo chenye kivuli, kwa sababu zitakuja tu, zitengewe au zisitengewe. Shehena ipangiwe saa za usiku. Njia ya miguu ijengwe kabla ya maegesho.

Ripoti hulipiwa na mwenye mradi, na mtaalamu anayeandika anajua nani atamwita kwa kazi ijayo. Sisemi kwamba wataalamu wetu hawana uaminifu. Nasema kwamba kila namba niliyoitaja hapo juu, kuanzia siku ya kuhesabu hadi kasi ya ongezeko, inaacha nafasi ya kuchagua, na machaguo mengi madogo yakiegemea upande mmoja huzaa ripoti iliyopinda bila mtu hata mmoja kusema uongo. Kinga iliyopo mkononi ni kibali cha kutumia jengo. Kabla ya kibali hicho kutolewa, mkaguzi anaweza kwenda na mchoro ulioidhinishwa, kupima kwa futi ya kamba umbali kati ya ukingo wa barabara na kizuizi, na kukataa kutia saini ikiwa mita 60 za kwenye karatasi zimegeuka 12 za kwenye zege. Baada ya wapangaji kuingia na maduka kufunguliwa, hakuna mwenye ubavu wa kulihamisha geti.

Na mwaka mmoja baadaye mtu arudi kuhesabu. Hili ndilo ninalolitamani kuliko yote, kwa sababu ndilo litakalotupatia viwango vyetu wenyewe badala ya vile vya kuazima: safari ngapi kwa apatimenti ya Kyanja, boda boda ngapi kwa duka la Kabalagala, sekunde ngapi kwa geti lenye askari na kioo. Linahitaji karatasi, kalamu, kiti cha plastiki, mwavuli, na saa tatu za Ijumaa jioni katika wiki ambayo shule hazijafungwa.